Dumu la Njano Kwenye Nguzo

Mama Kambi hakuwahi kuwaelewa watu wanaolipia kulala chini. Mtu ana kitanda kwake, ana godoro, ana bomba linalotoa maji akilifungua tu, halafu anaomba likizo, anafunga virago, anasafiri siku nzima mpaka mwisho wa barabara ili aje alale juu ya mchanga na mbu wamle. "Na asubuhi wanatuambia wamepumzika," alikuwa akimwambia mumewe, na mumewe anacheka mpaka anakohoa. Kicheko cha bwana yule kilikuwa karibu sikuzote. Ulikuwa hupati shida kukitoa.

Kambi yenyewe ilikuwa ndani ya hifadhi ya pwani, juu ya ulimi wa mchanga wenye bahari upande mmoja na tope upande wa pili. Usifikirie hoteli. Palikuwa na viwanja vichache vya kupiga mahema, kila kimoja na mawe yake ya kuwashia moto, vyoo viwili vya shimo vyenye milango ya mabati iliyoliwa na chumvi, tangi moja la maji ya mvua, na bango la kuwaambia wageni kwamba kila walicholeta waondoke nacho. Umeme hakuna. Mtandao hakuna, ila juu ya kilima kimoja cha mchanga, ukisimama kwenye ncha yake na kuinyanyua simu kama unayemwonyesha mtu wa mbinguni, unaweza kupata. Kazi ya Mama Kambi ilikuwa kufagia viwanja, kumwaga majivu vyooni, kugonga tangi kila asubuhi asikie maji yamebaki wapi, na kuwasihi wageni wasiyamalize. Wageni watundu walimwita Mama Choo. Yeye aliwajibu kwamba afadhali Mama Choo kuliko choo kisicho na mama, na mara nyingi aliyeanzisha utani ndiye aliyeishiwa maneno.

Mumewe aliitwa Fundi Tope, na jina hilo halikuwa tusi. Kati ya kambi na nchi kavu palikuwa na uwanja mpana wa tope, ambao bahari iliufunika na kuufunua mara mbili kwa siku. Magari ya wageni hayakuruhusiwa kuuvuka. Wageni waliyaacha ofisini, ng'ambo, wakavushwa na gari la hifadhi maji yakishakupwa. Lakini maji kukupwa hakukutosha, kwa sababu tope lile lilikuwa linahama. Palipokuwa pagumu juzi, leo panameza gari mpaka madirishani. Kwa hiyo kila mara kabla gari halijaja, Fundi Tope alikunja suruali, akavua viatu, akaenda peku mpaka ng'ambo na kurudi, polepole, akipapasa kwa nyayo. Ukivaa viatu, alisema, tope linakudanganya. Akiridhika alichomeka matawi ya kuonyesha njia, akarudi upande wa kambi kwenye nguzo ndefu ya mbao, akavuta kamba, na dumu la njano likapanda mpaka juu kabisa. Dereva akifika ng'ambo anatazama nguzo. Dumu lipo, anavuka. Dumu halipo, haweki hata tairi moja topeni, hata akiwa amembeba mkuu wa hifadhi mwenyewe. Maji yakianza kugeuka, Fundi Tope analishusha.

Zamani dumu halikuwepo. Dereva wa wakati ule alikuwa rafiki wa Fundi Tope wa kula sahani moja, na siku moja alivuka kwa kukisia. Gari lilizama upande, milango ikabanwa na tope, maji yakaja. Fundi Tope alikuwa miongoni mwa waliochimba kumtoa, na alichokiona mle ndani hakukisimulia kwa mtu yeyote, hata kwa mkewe. Baada ya mazishi ndipo alipoitafuta nguzo, akaisimika mwenyewe, akatafuta kamba na kitu cha rangi kinachoonekana mbali. Kilichopatikana ni dumu la mafuta ya kupikia.

Dumu hilo lilikuwa haliguswi. Mama Kambi alilijifunza hilo akiwa bado bibi arusi. Asubuhi moja ndoo zote zilikuwa zimejaa nguo, naye akalichukua dumu chini ya nguzo akaenda kuchotea maji. Mumewe, mtu ambaye hata kuku alikuwa hawafokei, alilichukua mkononi mwa mkewe, akamwaga maji yote mchangani, akalirudisha, na hakumsemesha mpaka kesho yake. Wakati ule Mama Kambi alikasirika. Baadaye alipoelewa, alikuwa analipita dumu lile kama anavyopita mtu mbele ya mkwe.

Miaka ikaenda. Watoto walikua wakaondoka, kila mmoja kwake. Dereva wa gari la hifadhi akawa mdogo wake Fundi Tope, wa tumbo moja, mtu mnene mwenye kupenda masihara, ambaye kila akishuka upande wa kambi alimwambia Mama Kambi, "Shemeji, leo tena kaka ameniacha hai. Kuna chai?" Na chai ilikuwepo.

Mkasa ulianza kwa kitu kidogo. Fundi Tope alikuwa topeni akipima, akakanyaga samaki taa aliyejifukia, na yule taa akampiga mwiba juu kidogo ya kifundo cha mguu. Alirudi akichechemea na kujicheka. "Miaka yote hii namkanyagia mlango wake, leo ndiyo amekumbuka kunisalimia," alisema. Mama Kambi alimkanda kwa maji ya moto, akaukamua mguu, akaufunga kitambaa safi. Maumivu yalipoa. Kesho yake mwanamume akakunja suruali akaingia topeni tena, na kidonda wazi.

Kambini walikuwapo wageni wawili, mtu na mkewe. Mume alikuwa mchora ramani za nyumba, mrefu, mwenye miwani isiyotulia puani, na Mama Kambi akambandika jina la Bwana Miwani siku ileile ya kwanza alipomkuta akijimwagia maji ya tangi ndoo nzima ili atoe mchanga miguuni. "Mchanga hauishi hapa, baba," alimwambia. "Maji ndiyo yanaisha." Mtu alikuwa mstaarabu, aliomba radhi kweli, lakini kuomba radhi hakurudishi maji tangini. Mvua ilikuwa imekawia. Ukiligonga tangi, karibu lote lilikuwa linaita kama ngoma.

Mguu wa Fundi Tope ukavimba. Kwanza ulikuwa mwekundu, halafu ukaanza kung'aa, halafu ikaja rangi ambayo Mama Kambi hakupenda kuitazama. Usiku mume anatetemeka, asubuhi anasema yuko sawa. Mkewe alimwambia mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, waite gari aende hospitali.

"Nikienda nani atapima?" Fundi Tope aliuliza.

"Nitapima mimi."

"Wewe?"

"Kwani mimi sina miguu?"

Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Wageni hawa wakishavuka," alisema, "nitakwenda nao gari hilohilo. Siku chache tu, mama. Mguu hauwezi kunishinda siku chache."

Hapo ndipo Mama Kambi alipokosea, kama kuna mahali alipokosea. Alimsikiliza. Alikuwa amemsikiliza maisha yake yote katika jambo la tope na hakuwahi kujuta, akasahau kwamba mguu si tope.

Jioni moja mumewe alimwita kwa jina la yule rafiki aliyekufa garini. Alimtazama mkewe machoni na kumuuliza kama amefunga mkanda. Mama Kambi alitoka, akapanda kile kilima cha mchanga mbiombio, akainyanyua simu, akahangaika nayo huku na huku mpaka ilipoita.

"Shemeji, kaka yako hayuko vizuri."

"Ana nini?"

"Mguu. Umekuwa mweusi. Sasa anaweweseka."

"Na muda wote mlikuwa mnanyamaza?"

"Unamjua kaka yako."

"Namjua. Sasa hivi maji yamejaa, yakikupwa ni usiku na dumu halionekani, na boti ya doria bado iko baharini, sina la kufanya. Kesho yakikupwa nipo. Nani atapima?"

"Mimi."

"Shemeji," dereva alisema, na hapakuwa na masihara yoyote katika sauti yake, "pima kweli. Mimi nitavuka kwa dumu lako."

Asubuhi Bwana Miwani alileta vidonge vyake vya homa na kitanda chake cha kukunja cha turubai. Mke wa Bwana Miwani alikaa kumpepea mgonjwa. Mama Kambi akakunja gauni, akavua ndala, akaingia topeni.

Aliogopa. Hakuwa ameogopa kitu namna ile tangu kujifungua mara ya kwanza. Alikuwa ameishi kando ya tope lile miaka na miaka lakini hakuwahi kulisikiliza. Alienda anavyoenda mumewe, kisigino kwanza, uzito taratibu, na mwanzoni nyayo zake hazikumwambia kitu ila baridi. Halafu, kupita kichaka cha mikoko, aliusikia mchanga mgumu chini ya tope, uti mrefu unaokwenda ng'ambo, na akaufuata akichomeka matawi. Kila penye wasiwasi alirukaruka. Angepita mtu angedhani mama mzima amepata wazimu anacheza peke yake baharini. Alirudi na jasho limemlowesha mgongo, akashika kamba, akalipandisha dumu.

Walimbeba Fundi Tope kwa kile kitanda mpaka kwenye nguzo, Mama Kambi, Bwana Miwani na mke wa Bwana Miwani, wakipumzika kila hatua chache kwa sababu mtu alikuwa mzito. Mgonjwa mwenyewe ndiye aliyetaka awekwe pale, mdogo wake akivuka amwone. Homa ilikuwa imemwachia kidogo. Alilitazama dumu juu, akamtazama mkewe.

"Ulipita kushoto kwa mikoko?"

"Nilipita."

"Panasemaje?"

"Pagumu."

"Mh," alisema. "Leo umekuwa fundi." Halafu akaitazama miguu yake. "Viatu vyangu viko wapi? Siwezi kwenda mjini peku kama kichaa."

Mwanamume aliyetembea peku nusu ya umri wake, siku hiyo ndiyo akataka viatu. Mama Kambi alimwambia mguu wenyewe hauingii kiatu. Akasema basi avae kimoja, kingine akishike mkononi, watu wajue anavyo. Mke wa Bwana Miwani akacheka, naye mgonjwa akafurahi kuchekwa. Ndipo wakatawanyika. Bwana Miwani na mkewe walikwenda kufuata mwavuli na maji ya kunywa ya safari. Mama Kambi akaenda nyumbani kutafuta viatu. Nyumba ilikuwa nyuma ya vilima vya mchanga, chumba kimoja na jiko la nje, si mbali. Kiatu kimoja alikiona mara moja. Cha pili kilikuwa uvunguni, nyuma ya sanduku, kimeota ukungu. Alikipangusa. Alichukua kitambaa, akakitemea mate kidogo, akakipangusa vizuri mpaka kikang'aa, kwa sababu mumewe anakwenda mjini. Maisha yake yote yaliyobaki hatajisamehe kile kitambaa.

Aliporudi, nguzo ilikuwa tupu.

Kwanza alidhani macho. Kisha akaona kamba imelala kifuani kwa mumewe, na dumu lenyewe liko chini ya kichwa chake, amelilalia kama mto. Uso wake ulikuwa mkavu na wa moto, macho yaling'aa.

"Maji yameingia," alimwambia mkewe, akihema. "Nimewahi. Ulikwenda wapi? Yamejaa ghafla, yamefika pale kwenye matawi. Dogo angezama."

Mama Kambi akageuka. Uwanja wa tope ulikuwa wazi mpaka ng'ambo, umekauka juu kama uji uliopoa. Aliziona nyayo zake mwenyewe, safu kwa safu, hakuna hata mmoja uliokuwa na tone la maji. Na ng'ambo kule, juu ya njia ya ofisini, aliliona vumbi la gari likienda zake.

Baadaye ilijulikana ilivyokuwa. Dereva alifika mapema, akatazama nguzo, hakuona kitu. Alipiga honi mpaka akachoka, na upepo ukaipeleka honi bara. Alipanda juu ya boneti akakodoa macho, lakini kwa umbali ule watu ni nukta. Akajiambia shemeji amepima na amekuta pabaya, na kama shemeji amesema hapapitiki, hapapitiki. Akafikiri upesi, na akafikiri vizuri: badala ya kukaa pale kusubiri, aende gatini akaombe boti ya doria, azungukie baharini. Akageuza gari. Hakuna anayeweza kumlaumu. Alifanya alivyofundishwa na kaka yake.

Mama Kambi alilichomoa dumu chini ya kichwa cha mumewe, akalipandisha upya kwa kasi mpaka kamba ikamchuna viganja, akavua mtandio na kukimbia topeni akiupunga. Alikimbia mpaka kwenye mikoko. Alipiga kelele jina la utotoni la shemeji yake, ambalo hata mama yake mzazi alikuwa ameacha kulitumia. Vumbi likatua.

Bwana Miwani na mkewe walipofika walimkuta anarudi, ameloa tope mpaka mapajani. Alisema maneno machache na wakaelewa. Mke wa Bwana Miwani alikimbilia kilimani na simu. Simu ya dereva ilikuwa haipatikani. "Tumbebe," Bwana Miwani alisema. "Tumvushe wenyewe." Wakamnyanyua na kitanda chake, wakaingia naye topeni. Uti ule mgumu unaobeba gari ulikuwa chini ya tope la kufika magotini, na mtu aliyebeba mtu mzima haoni anakanyaga wapi. Hawakufika hata kwenye tawi la pili kabla Bwana Miwani hajazama mguu mmoja mpaka pajani. Kitanda kikainama, mguu mbovu ukagonga, na mgonjwa akatoa sauti ambayo Mama Kambi hakuwahi kuisikia kwake. Na mbele yao, katika mfereji wa katikati, maji yakaanza kumetameta. Safari hii yalikuwa ya kweli. Wakarudi.

Kuna watu waliokuja kumwambia Mama Kambi kwamba hata gari lingevuka, mguu ule ulikuwa umeshachelewa. Pengine ni kweli. Yeye hawezi kujua, na wao pia hawajui, wanasema kwa sababu inawabidi waseme kitu.

Wakamlaza tena chini ya nguzo. Jua lilikuwa kali. Mke wa Bwana Miwani alimshikia mwavuli, na mumewe akakaa pembeni, amevua miwani, anaipangusa bila kukoma. Mama Kambi alikichukua kichwa cha mumewe akakiweka mapajani. Na hapo, kama inavyotokea mara nyingine kwa wagonjwa, akili ya Fundi Tope ikarudi, nzima. Alifumbua macho akatazama juu. Dumu liko juu. Akatazama topeni, ambako maji ndiyo kwanza yanaulamba ukingo wa mbali wa mikoko. Akaitazama kamba, fundo lake lililofungwa kwa haraka, na viganja vya mkewe vilivyochunika. Mtu yule aliyejua tope na maji kama anavyojua jina lake, alikuwa anapiga hesabu.

"Dogo hajavuka," alisema.

"Bado."

"Alikuja?"

Mama Kambi alimpangusa mchanga shavuni.

"Alikuja akarudi," Fundi Tope alisema. "Dumu lilishuka. Lilishushwa maji yakiwa bado." "Nani alilishusha? Mama, ni mimi?"

Mama Kambi aliona macho ya mumewe, na aliona kinachokuja ndani yake. Alikuwa anaijua hofu hiyo. Ndiyo iliyokuwa ikimwamsha usiku miaka yote, ikamtoa kitandani, ikampeleka topeni na homa na kidonda: kwamba siku moja dumu litakosea na mtu atakufa kwa sababu yake.

"Si wewe," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa nataka maji ya kukuosha uso. Tangi limebaki matone, ndoo ziko mbali. Nikalichukua."

Bwana Miwani aliinua kichwa. Mama Kambi hakumtazama.

Fundi Tope alimkazia macho mkewe kwa muda. Kisha uso wake ukalegea, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akakunja kipaji kidogo, akatafuta ukali, akaupata wa kutosha.

"Mke wangu," alisema, "nilikwambia tangu ujana wako. Dumu haliguswi."

"Nisamehe."

"Haliguswi, mama."

"Sitarudia."

"Basi," alisema. "Yameshapita." Akampigapiga mkono, kama anavyobembelezwa mtoto aliyechapwa.

Hakusema tena la maana baada ya hapo. Maji yalijaa, yakafika chini ya nguzo, na alasiri roho yake ikatoka, viatu vyake viwili vimepangwa kando ya kitanda.

Boti ilikuja upande wa bahari, jua likianza kuinama. Dereva aliruka kabla haijagusa mchanga, akaja mbio kupita viwanja vya mahema, akafika kwenye nguzo akasimama. Alilia kama wanavyolia wanaume wanene, mwili wote ukitikisika. Alipoweza kusema, hakumuuliza shemeji yake kaka alikufa saa ngapi wala alisema nini. Alitazama juu, kwenye dumu.

"Shemeji, asubuhi dumu halikuwepo. Niliangalia vizuri. Halikuwepo."

"Halikuwepo," Mama Kambi alisema.

"Hukulipandisha?"

"Nililipandisha. Nikalishusha nikachotee maji."

Bwana Miwani alifumbua kinywa. Safari hii Mama Kambi alimtazama, na alivyomtazama, yule bwana msomi akakifumba, na hakukifungua tena kwa jambo hilo mpaka alipoondoka hifadhini.

Angeweza kusema kweli pale. Marehemu alikuwa ameshalala, hasikii tena. Lakini aliona kwamba uongo ule alikuwa ameshampa mumewe kama shuka la kujifunika, na hawezi kwenda kumfunua mbele za watu eti kwa kuwa amelala. Huyu mtu hakuwa na shamba, hakuwa na nyumba yake, hakuwa na cheo. Alichokuwa nacho ni kwamba hakuwahi kukosea. Mdogo wake ataendelea kuvuka topeni pale kwa miaka, na kila akivuka atataka kukumbuka mkono ambao haukuwahi kumdanganya.

Kwa hiyo alikubali kila kilichofuata. Msibani mkuu wa hifadhi alisimama akasema kwamba kwa miaka yote marehemu hakukosea hata siku moja, na watu wakaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo Mama Kambi alipolia, mara ya kwanza tangu siku ile, na waliokuwa karibu naye wakasogea kidogo, wakidhani ni aibu inayolia. Mama mkwe wake, aliyekuwa akimwita mwanangu, alimtazama mara moja tu. "Kwa maji ya kunawa," bibi yule alisema, si kwa sauti kubwa. "Mwanangu amekwenda kwa maji ya kunawa." Wakati wa kula hakuna aliyemsogezea sahani. Shemeji yake hakumtukana. Aliacha tu kuomba chai.

Mama Kambi alirudishwa kambini kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kuishi kule, na kwa sababu nyayo zake, tangu asubuhi ile, zilikuwa zimejifunza. Mkuu wa hifadhi alimpa onyo mbele ya wafanyakazi wote. Kisha akaagiza rangi nyekundu, na mfanyakazi mmoja mwenye mwandiko mzuri akaandika kwenye dumu, pande zote mbili, kwa herufi kubwa zinazosomeka mbali: SI LA KUCHOTEA MAJI.

Sasa kila maji yakikupwa Mama Kambi anakunja gauni, anaingia topeni, anapima, anachomeka matawi, anarudi, anavuta kamba. Dumu linapanda na maandishi yake. Ng'ambo shemeji yake anatazama, anavuka, anashusha wageni, anageuza gari. Tangu aanze kupima hajakosea.

Wageni wanaliuliza. Ni kitu cha kuchekesha kwa mtu aliyetoka mjini, dumu lililotundikwa kama bendera na karipio juu yake. Juzi msichana mmoja, akiwa bado na mkoba mgongoni, alisimama chini ya nguzo akalipiga picha.

"Mama, hivi kuna mtu alilishusha hilo akaenda kuchotea maji kweli?" aliuliza, akicheka. "Nani huyo?"

"Mke wa fundi," Mama Kambi alisema, na akamchukulia ndoo yake kumwonyesha tangi lilipo.